Paka Hakukomoi

Ndugu zangu, kuna neno sitaki kulisikia tena: "ananikomoa." Paka wako anayekojolea vitu vya nyumbani hakukomoi. Hajui thamani ya sofa ile, wala hakukununia kwa sababu jana ulichelewa kurudi. Nimelisema hili mara nyingi, na nitalisema mpaka watu waache kumsugua paka pua kwenye mkojo wake.

Mtu akinijia na kesi hii, swali langu la kwanza ni hili: alisimama au alichuchumaa? Wengi hukasirika. Wanataka dawa, mimi nauliza mkao! Lakini paka anayekojoa huchuchumaa na kumwaga mkojo mwingi sakafuni. Anayerusha mkojo husimama, akaupa ukuta mgongo, mkia wima, ncha yake ikitetemeka, miguu ya nyuma ikikanyagakanyaga, kisha kamkojo kadogo kanapiga ukutani. Huyo hajisaidii. Anaweka alama kwamba hapa pana mwenyewe.

Mama mmoja alinijia amechoka kabisa. Dume lake lilihasiwa tangu dogo, miaka 4 halijawahi kuchafua nyumba, ghafla likaanza kulowesha pazia la sebuleni. Akalifua. Akalibadilisha. Akampiga paka kwa ndala, akamfungia chooni. Paka akaongeza na mlango. Nikaenda kwake jioni, nikakaa sakafuni karibu na dirisha, chai ikanipolea mkononi. Giza lilipoingia, shume mmoja mnene, sikio limechanika, akarukia kizingiti cha dirisha kwa nje, akatulia, akatukodolea macho kupitia kioo. Paka wa ndani akatutumua mkia, akaliendea pazia, akageuka, mkia ukaanza kutetemeka. Yule mama akashika mdomo. Miezi 2 alikuwa akimpiga paka kwa kosa la paka mwingine!

Tukafunika sehemu ya chini ya kile kioo kwa karatasi. Tukaondoa sahani ya makombo iliyokuwa nje ikimwita yule shume. Tukasafisha ukuta sawasawa. Siku hazikuwa nyingi, pazia likabaki kavu.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nikimchapa anaacha." Anaacha mbele yako. Ukitoka anarudia, tena kwa hofu zaidi, na paka mwenye hofu ndiye anayezidisha alama. Mgeni ndani ya nyumba, mtoto mchanga, kabati lililohamishwa, paka wa pili aliyeletwa bila kuzoeshwa pole pole: hayo ndiyo ya kuyachunguza kabla ya kutafuta fimbo.

Kuhusu usafi, tafadhali, dawa yenye amonia hapana. Mkojo wenyewe una harufu hiyo, na paka atadhani mwenzake amepita hapo. Manukato nayo yanaidanganya pua yako, si yake. Tafuteni sabuni yenye vimeng'enya, ile inayovunjavunja mkojo wenyewe.

Kuhasi nilipaswa kuanza nako. Dume ahasiwe mapema, kwenye miezi 5 hivi, kabla hajazoea. Hata waliokwisha kuanza, takriban 9 kati ya 10 hupunguza sana au huacha wakihasiwa. Anayebaki msimlaumu daktari, rudini kwenye dirisha. Na majike pia hurusha, hata waliofungwa kizazi, ingawa ni wachache.

Matrei ya mchanga ya paka kujisaidia: idadi ya paka, ongeza 1, na msiyapange yote kona moja. Dawa za kutuliza wasiwasi zipo, ila ni za kuandikiwa na daktari wa mifugo; msimpe paka vidonge vya binadamu.

Naonyeshwa saa, lakini hili siliachi. Dume akichuchumaa mara kwa mara, akijikamua, akilia, na mkojo hautoki au ni tone tu, hiyo si tabia. Njia ya mkojo imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku 1 au 2. Huyo msimsubirishe mpaka asubuhi. Mwamsheni daktari usiku huo huo.