Jinsi ya Kunasa Nyota Inapofichwa na Gimba la Mbali

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunawinda kivuli. Gimba dogo lililo mbali kuliko Neptuni likipita mbele ya nyota, nyota huzimika ghafla, kisha baada ya sekunde chache inawaka tena. Kivuli kinachopita duniani wakati huo kina upana uleule wa gimba. Ukiwa ndani yake na ukapima muda vizuri, umepima kitu ambacho hata darubini kubwa hukiona kama nukta tu.

Tuanze na utabiri. Fungua OccultWatcher, programu ya bure, uweke latitudo na longitudo yako, nayo itakuletea matukio yaliyo karibu nawe. Kwa magimba ya mbali kabisa, tazama pia ramani za mradi wa Lucky Star wa Ufaransa. Mistari hii miwili ya pembeni ndiyo mipaka ya kivuli. Si mipaka ya kuapia. Digrii moja ina sekunde za pembe 3,600. Kwa gimba lililo mbali mara 40 ya umbali wa Jua, ukikosea sehemu moja tu ya elfu ya sekunde hiyo ya pembe, kivuli kinahama karibu kilomita 30. Chombo cha angani cha Gaia kimetupa nafasi nzuri mno za nyota, lakini njia ya gimba lenyewe bado inasumbua. Basi rudia kuangalia utabiri siku yenyewe ya tukio.

Sasa saa, maana hapa ndipo wengi huteleza. Utabiri hutolewa kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ukisoma 21:30 tarehe 14, kwetu Afrika Mashariki ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Ukitega darubini usiku wa kuamkia tarehe 14, utakesha bure.

Jana yake fanya mazoezi. Nyota hufika palepale dakika 4 mapema kila siku, kwa hiyo jana yake ongeza dakika 4 kwenye muda wa tukio. Nyota ya magnitudi 12 (kipimo cha mwangaza: namba ikikua, nyota ni hafifu zaidi) inanasika kwa darubini ya sentimita 20. Tazama skrini yangu: nyota yetu ni hii, chini ya pembetatu hii hafifu. Hiki kinukta kinachong'aa bila kutikisika ni pikseli mbovu, nyota hutetemeka.

Muda uchukue kwenye GPS, ama kamera yenye GPS ndani au kifaa kinachopiga chapa ya saa kwenye kila fremu. Saa ya laptop usiitegemee. Kivuli hukimbia kilomita 20 na zaidi kwa sekunde, kwa hiyo kosa la sehemu ya kumi ya sekunde ni kilomita 2 nzima. Zima pia masasisho ya kompyuta. Yana tabia ya kuanza wakati usioyataka.

Anza kurekodi mapema, kama dakika 10 kabla, umalize dakika 10 baada. Tarehe 3 Juni 2013, huko Amerika Kusini, nyota ilififia kidogo kabla Chariklo, gimba dogo la mbali, halijaificha, ikafifia tena baadaye. Zilikuwa pete! Aliyewasha kamera dakika ya mwisho hawezi kuzipata.

Mwisho, pima mwanga wa nyota kwenye video kwa programu ya Tangra au PyMovie, kisha tuma matokeo. Hujaona kitu? Tuma hivyohivyo, mradi anga lilikuwa safi na saa sahihi. Tarehe 17 Julai 2017, timu ya New Horizons, chombo cha angani cha NASA, ilipanga darubini 24 kule Patagonia, Argentina, kuivizia Arrokoth, gimba la kilomita 35 hivi. Barabara kuu ilifungwa kwa saa mbili ili taa za magari zisiwasumbue, na malori yakaegeshwa kukinga upepo. Darubini 5 ndizo zilizoona nyota ikizimika. Zile nyingine zilionyesha gimba linakoishia, na umbo lililotokea lilikuwa kama mawe mawili yaliyoshikana. Chombo kilipopita hapo tarehe 1 Januari 2019, kilikuta ndivyo.

Viungo vya programu zote nimeviweka hapo chini. Ukishaweka mahali ulipo, niandikie tukio la kwanza uliloletewa ni la lini.