Jina Moja, Namba Mbili: Saraka ya Nyumbani Kwenye Linux, macOS na Windows

ZUHURA: Leo tuna mtumiaji mmoja, seva moja ya faili na kompyuta tatu: Linux, macOS na Windows. Popote atakapoingia, azikute faili zake kwenye saraka yake ya nyumbani, yaani folda yake binafsi. Juma, kazi inaanzia wapi?

JUMA: Kwenye namba, dada, kabla folda yoyote haijaundwa. Linux humtambua mtu kwa UID, yaani namba ya mtumiaji; jina ni la kusomea tu. Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza 1000. MacOS humpa 501, na kundi namba 20, staff. Sasa shirikisha saraka kwa NFS, njia ya kushirikisha faili kwenye mtandao, toleo la 3 la kawaida: kinachopita kwenye mtandao ni namba tupu. Faili aliyoiandika kwenye Linux, Mac inaihesabu kuwa ya mtu mwingine.

ZUHURA: Na Windows ina SID, kitambulisho chake cha mtumiaji, haijui UID.

JUMA: Kwa hiyo lazima daftari la watumiaji liwe moja. Mkiwa na Active Directory, daftari la watumiaji la Microsoft, jazeni uidNumber na gidNumber (namba ya mtumiaji na ya kundi) za kila mtu. Anzieni juu, tuseme 20000, zisigongane na akaunti za ndani ya mashine. Kwenye SSSD, programu inayoiunganisha Linux na daftari hilo, wekeni ldap_id_mapping = false, la sivyo itajikokotolea namba kutoka kwenye SID. Mac nayo hujitungia, mpaka uiambie: dsconfigad -uid uidNumber -gid gidNumber.

ZUHURA: Halafu endesha amri ya id na jina la mtumiaji kwenye Linux na kwenye Mac. Namba zikitofautiana, usiendelee.

JUMA: Hapo hapo. Kurekebisha umiliki baada ya faili kujaa ni kazi ya chown, amri ya kubadili mwenye faili, usiku kucha.

ZUHURA: Na saraka yenyewe nani aiunde? Wengi huiachia pam_mkhomedir, inayoiunda mtu anapoingia mara ya kwanza.

JUMA: Kwa diski ya ndani ni sawa. Kwa NFS, kinga ya seva iitwayo root_squash humgeuza root (msimamizi mkuu) wa mashine ya mtumiaji kuwa nobody, hana ruhusa ya kuunda kitu. Mtu anaingia, anatupwa kwenye /. Iundeni kwenye seva yenyewe: mkdir, chown, kisha chmod 700, mwenyewe pekee aifikie. Msizime root_squash kwa ajili ya jambo hili! Root wa mashine yoyote ataweza kuandika kwenye nyumba ya kila mtu.

ZUHURA: Mimi ningewapa Linux NFS yenye sec=krb5, yaani utambulisho uthibitishwe na Kerberos; Windows na Mac nikawapa SMB, njia ya Windows ya kushirikisha faili, kupitia sehemu ya [homes] ya Samba, programu ya seva inayoitoa SMB. Saa zao zisipishane zaidi ya dakika 5, maana Kerberos itakataa.

JUMA: Na kwa ajili ya Mac uongeze kwenye mipangilio ya Samba vfs objects = catia fruit streams_xattr.

ZUHURA: Tuje kwenye kosa ninaloliona baya zaidi: kutaka kila kitu kikae kwenye saraka hiyo ya seva, hadi kache (faili za muda) na wasifu wa kivinjari.

JUMA: Kivinjari hutumia SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili, na kufuli la faili (linalozuia wawili kuandika kwa pamoja) kupitia NFS mara nyingi halitegemeki. Hifadhidata inaweza kuharibika. Elekezeni XDG_CACHE_HOME, kigezo kinachotaja mahali pa kache, kwenye diski ya ndani. Windows ibaki na C:\Users yake, nyumba ya seva iunganishwe kama diski H:.

ZUHURA: Programu zilizokompailiwa je?

JUMA: Ya Linux haiendeshwi na Mac. Tenga ~/bin/Linux-x86_64 na ~/bin/Darwin-arm64 (Darwin ni Mac), kisha kwenye .profile, faili inayosomwa mtu anapoingia (kwa Mac yenye zsh ni .zprofile), panga PATH, orodha ya folda zinamotafutwa amri:

PATH="$HOME/bin/$(uname -s)-$(uname -m):$PATH"

ZUHURA: Faili hiyo isihaririwe kwa programu inayoacha miisho ya mistari ya Windows. Herufi moja isiyoonekana, \r, hujibandika mwishoni mwa PATH na amri za folda ya mwisho hazipatikani tena. Ukishuku, cat -A kwenye Linux itakuonyesha ^M.

JUMA: Majina nayo. Linux hukubali Ripoti.txt na ripoti.txt kwenye folda moja. Kwa kawaida Windows huchukulia kuwa ni faili ileile, na mtu anafungua isiyo yake. Nukta mbili (:) na alama ya kuuliza (?) pia ziepukwe.