Edsel Citation ya 1958: paa likigoma kupanda

Gari tulilonalo leo ni Edsel Citation ya 1958, ile ya paa la kukunja. Ziliundwa 930 tu, na Novemba 1959 Ford wakaifuta chapa yote ya Edsel. Fremu ya paa ukiipinda, kupata nyingine ni kazi. Kwa hiyo paa likigoma, usilivute kwa mikono.

Weka gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono kwanza, ndipo ubonyeze P, gia ya kuegesha. Usibadilishe mpangilio huo: gia za gari hili huchaguliwa kwa vitufe vya katikati ya usukani, na kazi yenyewe hufanywa na mota ya umeme. Gari likiegemea loki ya P, mota hiyo hushindwa kuitoa. (Na ukitafuta honi, usiguse hapo katikati!) Acha injini iwake, maana pampu ya paa inakula umeme mwingi.

Fungua vifungo vya paa juu ya kioo cha mbele, toa mizigo kwenye shimo la kukunjia, kisha bonyeza swichi usikilize.

Kimya kabisa? Toa kiti cha nyuma uifikie pampu. Mwenzako abonyeze swichi huku wewe ukipima volti kwenye mota yenyewe. Ukipata 12 na mota haizunguki, safisha kwanza pale waya wa athi (unaorudisha umeme) ulipofungwa kwenye bodi. Kutu ya hapo imewauzia watu mota wasizozihitaji. Volti zikishuka chini ya 10, fuatilia betri, swichi na viungo vya waya.

Mota inanguruma lakini paa halisogei: hapo mafuta yanayosukuma paa yamepungua au hewa imeingia. Fungua kizibo cha tangi la pampu taratibu. Kabla hujaongeza chochote, jua kilichomo. Mafuta ya breki na mafuta ya giaboksi ya otomatiki hayachanganywi. Sili (mipira inayozuia mafuta yasivuje) zilizotengenezwa kwa moja huvimba na kuharibika kwa lingine. Tandika matambara pia, kwani mafuta ya breki hubabua rangi.

Jaza, lakini usijaze pomoni paa likiwa juu: likishuka, fimbo za silinda mbili zinazonyanyua paa huingia ndani na kurudisha mafuta kwenye tangi, yakamwagika. Pandisha na kushusha mara tano au sita, ukipumzisha mota kila mara, kisha kagua kiwango tena. Paa likifika mwisho achia swichi papo hapo, la sivyo mota itaungua.

Likipanda upande upande, simama. Silinda moja imechoka. Pitisha kidole kwenye fimbo: ikiwa na vishimo vya kutu, hata sili mpya italiwa. Badilisha silinda zote mbili pamoja, maana mpya ikishindana na kuukuu, inayopinda ni fremu.