Paka, Mbwa na Upweke wa Uhamisho

Mbukwenyi! Asanteni. Naona waliotoka Dar wameitikia kwa sauti kuliko wenyeji.

Mimi ni daktari wa mifugo. Maradhi ya akili yana wenyewe, na Dodoma hii tunayo hospitali yake, Mirembe. Aliyekosa usingizi wiki tatu aende akaonane na wataalamu, asije kwangu kutafuta paka.

Nianze na kosa langu. Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, haukupita muda nami nikahamishwa, familia ikabaki Dar. Chumba kimoja Nkuhungu, jioni upepo na vumbi, hakuna wa kukupa pole ya kazi. Nikachukua mbwa. Daktari mzima! Natoka saa moja asubuhi, narudi usiku, yeye kutwa yuko kwenye mnyororo anabweka. Mama mwenye nyumba alinivumilia, majirani, thubutu! Badala ya kupunguza mawazo nikaongeza. Nikampeleka kwa rafiki yangu Ihumwa, mwenye uwanja na mbuzi, akatulia jioni ileile.

Kisha akaja paka, kwa miguu yake, akifuata harufu ya dagaa. Saa kumi na mbili kasoro anakwaruza mlango. Zilikuwepo asubuhi ambazo sikuona sababu ya kutoka kitandani. Lakini paka hajui mambo hayo, anataka dagaa. Ukishasimama kumpa, unabandika na chai.

Huko New York, mwanasaikolojia Boris Levinson alipokea mtoto aliyejitenga na watu. Siku hiyo mbwa wake, Jingles, alikuwamo ofisini. Akamkimbilia mtoto, wakazoeana. Mwaka 1962 Levinson akaandika kuhusu mbwa kama msaidizi wa tiba, na wenzake wengine wakamcheka. Leo vipimo vinaonyesha kwamba kumpapasa mbwa au paka hushusha kotisoli, homoni ya msongo. Ila awe mnyama usiyemwogopa. Anayeruka akisikia mbwa asilazimishwe. Afuge kuku, awasikilize wakichakura. Mzee wa Kigogo anayesimama zizini jioni kuhesabu ng'ombe wake kwa rangi zao hahitaji mhadhara wangu.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua mnyama, jiulize unarudi nyumbani saa ngapi, mwenye nyumba anasemaje, na ukisafiri atalishwa na nani.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa, jamani: akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, paka naye. Nimekuja nayo, boksi liko kwenye gari pale chini ya mwarobaini.