Baridi Peke Yake Haitengenezi Barafu ya Mlimani

Wazee wangu shikamooni, vijana habari za jioni. Najua joto la leo Dar ni la kutosha kabisa na hizi feni zinasukuma hewa ya moto tu, ila nimeomba tukae tuongelee barafu kwa sababu kila nikisikia watu wanaizungumzia Kilimanjaro wanasema kule juu ni baridi ndo maana kuna barafu, basi, habari imeisha. Jamani, haijaisha.

Tupige hesabu kwanza. Ukipanda juu, kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu hivi. Sisi tuko usawa wa bahari, tuseme nyuzi 30. Kibo, kile kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro, ina mita 5,895, ukizidisha unakuta umeshuka nyuzi 38, yaani kileleni unategemea kama hasi 8. Na vipimo vya kule vinatoa wastani wa hasi 7 hivi, kwa hiyo hesabu imekaa vizuri. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima akaandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, wasomi wa London wakamkatalia, mmoja wao William Desborough Cooley alimpinga miaka na miaka, wakati Mchaga anayelima chini ya mlima anaiona kila asubuhi mawingu yakifunguka.

Sawa, baridi ipo. Lakini Siberia kuna sehemu majira ya baridi zinafika hasi 50 na kushuka zaidi, na bado ukipita mabonde yake kwa eneo kubwa sana hukuti barafuto, ule mto wa barafu unaokaa mwaka mzima. Theluji inayodondoka kule ni kidogo, kiangazi kikija inaisha yote. Hata Antaktika kwenyewe kuna mabonde ya McMurdo ni mawe matupu, ardhi iko wazi, kwa sababu ni pakavu mno na upepo unakausha kile kidogo kinachodondoka.

Kwa hiyo cha kuangalia ni mapato na matumizi, kama mtu mwenye kibubu, anachoweka mwaka huu kikizidi anachotoa basi kinabaki, mwaka ujao anaongezea juu yake. Theluji ya mwaka huu ikibaki hata kidogo, ya mwakani inailalia, na ya mwaka mwingine inazilalia zote mbili. Hapo ndo mambo yanaanza kuwa matamu.

Theluji mpya ni nyepesi sana, karibu yote ni hewa, mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 50 mpaka 100 tu. Ikilaliwa, zile nyota zake zinavunjika zinakuwa chengachenga, chenga zinashikana, hewa inasukumwa nje, uzito unapanda, na ukifika kama kilo 830 kwa mita ya ujazo yale matundu yanajifunga na hewa iliyobaki inanaswa ndani kwenye vipovu. Hiyo sasa ni barafu. Kwenye milima yenye theluji nyingi kazi hii inaweza kuchukua miaka michache au makumi, ila katikati ya Antaktika inakwenda mamia ya miaka na hata zaidi. Vile vipovu mimi ndo vinanisisimua kuliko kitu chochote kwenye somo hili, maana Antaktika wamechimba barafu yenye hewa ya miaka 800,000 iliyopita, hewa yenyewe, unaweza kuipima gesi zake leo.

Rundo likishafika unene wa mita 30 mpaka 50 hivi, linaanza kutembea lenyewe. Uzito wake unalilazimisha kushuka, juu linapokea theluji, chini linayeyuka. Barafuto nyingine zinasogea sentimita chache kwa siku, ila ile ya Jakobshavn kule Greenland imewahi kupimwa ikienda makumi ya mita kwa siku. Antaktika na Greenland ndo zimebeba karibu barafu yote ya nchi kavu duniani. Huku kwenye ukanda wa joto nyingi iko Andes, hasa Peru, na Afrika nzima imebaki milima mitatu tu: Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori. Meru ya Arusha ni jirani kabisa na Kibo lakini haina, ina mita 4,500 na kitu, theluji ikidondoka haidumu.

Sasa Kibo yetu. Mwaka 1912 barafu ilikuwa imefunika kama kilomita za mraba 12, mwaka 2011 imebaki chini ya 2. Watu wanasema dunia imepata joto ikayeyuka, ni kweli dunia inapata joto na barafu nyingi duniani zinakwisha kwa hilo, ila pale kileleni hewa bado iko chini ya sifuri, sehemu kubwa ya barafu inapotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikauka, mapato yakapungua. Na theluji mpya ni nyeupe sana, inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, ikikosekana ile barafu kuukuu yenye vumbi inameza jua, ndo maana mvua za vuli na masika zikishindwa kule juu hasara ni mara mbili. Mwaka 2022 UNESCO walitoa taarifa kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imekwisha ifikapo 2050. Inaniuma sana, naisema wazi.

Dada wa pale mbele kauliza je maji ya Moshi na Mto Pangani yataisha? Hapana dada yangu, barafu ile ni ndogo, maji mengi yanatoka kwenye mvua ya msituni, ule mkanda wa msitu unaozunguka mlima unanasa mvua na ukungu, kwa hiyo kwa habari ya maji mimi naogopa zaidi moto na shoka kwenye msitu kuliko kuisha kwa barafu. Haya, kaka wa nyuma umeinua mkono siku nyingi, uliza.