Kujenga "Ndege ya Ghorofa" na Kuichanganyia Mafuta Yake, Hapa Hapa Jinja

Habari zenu watazamaji, karibuni tena barazani kwangu Walukuba. Hizo kelele mnazosikia ni za watoto wa jirani. Wamenusa kwamba leo naitoa ile wanayoiita ndege ya ghorofa, ndege ndogo ya injini inayoongozwa kwa rimoti: mabawa mawili, moja juu ya jingine, na nguzo katikati. Jina wamelitunga wenyewe, nami sijapata bora kuliko hilo.

Kabla hujashika kisu, sikiliza jambo moja. Vifaa vyetu vinatoka ng'ambo, na karatasi zake za maelekezo zimeandikwa kwa mtu anayerushia ndege karibu na usawa wa bahari. Ziwa letu hili, Viktoria, au Nalubaale kwa wenyeji, lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10, na jua likishawaka inazidi kuwa nyepesi. Injini inavuta hewa pungufu, propela inasukuma hewa pungufu, bawa nalo linabebwa na hewa pungufu. Ukifuata karatasi neno kwa neno, ndege itakimbia uwanja mzima mpaka kwenye miwa bila kunyanyuka. Nayajua hayo kwa sababu yangu ya kwanza ilifanya hivyo hivyo.

Haya, tuanze na mabawa. Hii ninayojenga ina urefu wa sentimita 112 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa bawa ni sentimita 20. Kila bawa lina mbavu 17, zikipishana sentimita 7. Mbavu nimekata kwa balsa ya milimita 2.5. Balsa ni mti wa Amerika, na sehemu kubwa ya mbao zake hutoka Ekuador; hapa huipati dukani, unaagiza au unamwomba ndugu anayesafiri. Wengine wameniuliza kuhusu ule mti mwepesi wa kwenye matete ya ziwa, ambao wavuvi huufanya maboya. Nimeujaribu. Ni mwepesi kweli, lakini ni laini mno, ukiubana unabonyea. Kwa ncha za mabawa unafaa, kwa mhimili hapana. Mhimili wa bawa tumia msonobari ulionyooka nyuzi, vipande vya milimita 6 kwa 6, kimoja juu na kimoja chini ya mbavu. Fundi seremala atakupasulia. Simama naye, maana akiona kijiti chembamba hivyo anadhani unamtania.

Ukimaliza kukata mbavu zote 34, zipange pamoja kama karata, uzifunge, kisha uzipige msasa kwa mkupuo mmoja. Ubavu mmoja ukiwa mrefu kuliko wenzake, bawa litakuwa na kibyongo. Panga juu ya ubao ulionyooka, chini ukiwa umetandika karatasi ya mchoro na juu yake kaveera, mfuko wa plastiki, ili gundi isishike mchoro. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Ile inayokauka papo hapo mimi huitumia kidogo tu, kwa sababu haikupi nafasi ya kusahihisha.

Kiwiliwili ni sanduku la balsa, sitakaa sana hapo. Nitakaa puani. Ukuta wa injini ni plaiwudi ya milimita 6, na nguzo mbili za kukalia injini nimechonga kwa mvule. Mvule ni mzito, ndiyo, lakini hapa mbele uzito unakusaidia na mtikisiko ni mkali. Injini yangu ni ya .46, yaani cc 7.5. Ielekeze kulia kwa digrii 2 na chini kwa digrii 2, ukitazama kutoka nyuma kama rubani, kwa sababu ukifungua moto, yaani ukiongeza nguvu ya injini, ndege huvutwa kushoto na pua hupanda. Kisha paka epoksi sehemu yote ya injini na chumba cha tenki, kila kona, kila tundu la skrubu. Mafuta haya yanakula rangi ya kawaida na yanaingia kwenye balsa kama chai kwenye mandazi. Mbao ikishalowa, hakuna gundi itakayoshika tena.

Sasa, ghorofa yenyewe. Nafasi kati ya bawa la juu na la chini iwe walau sawa na upana wa bawa, kwangu sentimita 20. Yakikaribiana zaidi yanaibiana hewa. Bawa la juu limetangulia mbele sentimita 5. Nguzo za katikati, zinazoshika bawa la juu kwenye kiwiliwili, ni waya wa chuma wa milimita 3 uliokunjwa, ukafungwa kwa waya mwembamba wa shaba na kulehemiwa kwa risasi. Nguzo za pembeni ni plaiwudi nyembamba. Spoku za baiskeli usizitupe: za milimita 2 ndizo navutia usukani na eleveta, kile kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua.

Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo ngoja nisogeze kamera. Chukua uzi, ufunge katikati ya mkia, uvute hadi ncha ya bawa la kushoto, halafu ya kulia. Vipimo vilingane. Rudia kwa bawa la juu. Kisha weka fimbo iliyonyooka chini ya bawa, weka simu juu ya fimbo, fungua programu ya kupimia pembe. Nataka bawa la chini, bawa la juu na bawa dogo la mkia yote yasome sifuri. Mabawa yakitofautiana zaidi ya digrii moja, rudi ukarekebishe nguzo. Usijidanganye kwamba utasahihisha kwa rimoti ukiwa hewani.

Kufunika, natumia plastiki ile inayobandikwa kwa pasi. Hakuna siri: anza na moto mdogo, bandika kingo, kisha vuta mikunjo kwa joto. Rafiki yangu alitaka kuvalisha yake kitenge. Ilipendeza sana ukutani, na ikabaki ukutani.

Uzito tunaoutaka, tenki likiwa tupu, ni kilo 2.2. Kwa hewa ya pwani ningekubali hata 2.5, lakini hapa kila gramu utailipia kwenye mbio za kupaa na mbio za kutua.

Tuje kwenye tenki. Hili ni la mililita 300, linakupa kama dakika 10 za kuruka na akiba kidogo. Lina mirija mitatu. Mmoja ndani una kizito cha shaba mwishoni, kinafuata mafuta popote ndege inapoinama. Huo unakwenda kwenye kabureta. Wa pili unapanda juu kabisa ndani ya tenki na kuunganishwa na ekzosi, ili moshi usukume mafuta. Wa tatu ni wa kujazia, ukishajaza unauziba. Katikati ya tenki pawe sawa na sindano ya kabureta, ile inayopimia injini mafuta, au chini yake kidogo, si zaidi ya sentimita moja. Lizungushie sponji pande zote. Tenki likigusa mbao, mtikisiko hufanya mafuta yatoe povu, na injini ikivuta povu inazima, na inazima ukiwa juu ya nyumba ya mtu.

Mafuta sasa, na hapa naomba utulivu. Injini hizi hazitumii petroli. Zinatumia methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, na mara nyingi huongezwa nitromethani, kemikali ya kuongeza nguvu. Chupa zilizochanganywa tayari ng'ambo haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, na nitromethani kuipata kwetu ni taabu. Habari njema ni kwamba huihitaji. Mashindano ya kimataifa ya FAI, shirikisho la michezo ya anga la dunia, yana mchanganyiko wa kawaida usio na nitro kabisa: methanoli asilimia 80, mafuta ya nyonyo asilimia 20.

Nyonyo unaijua. Ni mbarika, nsogasoga ya Waganda, ile inayoota hata nyuma ya choo. Lakini usiende kukamua mwenyewe. Tunataka yaliyosafishwa, yasiyo na utomvu. Kwa lita moja, mimina mililita 200 za nyonyo kwanza, kisha mililita 800 za methanoli. Kama una mizani, ni rahisi zaidi: gramu 192 za nyonyo, gramu 632 za methanoli. Tikisa mpaka yawe kitu kimoja kinachong'aa. Kuna mtu aliniandikia kwamba anaweka oili ya bodaboda. Haifai! Oili ya petroli haiyeyuki kwenye methanoli. Weka kidogo kwenye chupa nyeupe, tikisa, acha robo saa, utaona matabaka mawili. Injini yako ikivuta lile tabaka lisilo na oili, pistoni inakwama.

Methanoli ni sumu, tena sumu yenye sura ya pombe. Mnakumbuka Kabale mwaka 2010, waragi, pombe kali yetu, iliyochanganywa na methanoli iliua makumi ya watu. Inapofusha macho kabla haijaua, na inapita hata kwenye ngozi. Kwa hiyo vaa glavu, changanyia nje penye upepo, na usiiweke kamwe, narudia kamwe, kwenye chupa ya soda au ya maji. Mimi nilifanya kosa hilo mara moja, nikamkuta shemeji yangu ameshafungua kifuniko. Tangu siku hiyo, jerikeni ya mafuta ina fuvu la rangi nyekundu na kufuli. Mtu akinywa hata kidogo, hospitali mara moja, hata kama anasema yuko sawa.

Halafu moto wake hauonekani mchana. Unaona hewa inacheza tu, kumbe mkono wako unaungua. Ndoo ya maji iwe karibu. Methanoli inachanganyika na maji, kwa hiyo maji yanauzima. Na funga kifuniko kila mara, kwa sababu methanoli inanyonya unyevu hewani, na hapa ziwani unyevu hauna likizo.

Twende uwanjani. Kwanza ruhusa: uliza UCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kuhusu kibali kabla ya kuagiza na kabla ya kurusha. Kaa mbali na uwanja wa ndege wowote, ukiwemo wetu wa Jinja. Njoo asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka.

Pima ulinganifu wa pua na mkia tenki likiwa tupu. Tenki liko mbele, kwa hiyo mafuta yakiisha pua inakuwa nyepesi. Ukipima likiwa limejaa umejidanganya. Shika bawa la juu kwa vidole viwili, sentimita 7 nyuma ya ukingo wake wa mbele. Pua iiname kidogo. Ikiinuka, sogeza betri mbele au ongeza risasi puani.

Propela ni inchi 11 kwa 5, kipenyo kikubwa na mkato mdogo, kwa kuwa ndege ya ghorofa ina nguzo nyingi za kupigana na hewa na haihitaji mbio, inahitaji mvuto. Jaza tenki, ziba mrija. Fungua sindano mizunguko miwili na nusu, washa plagi kwa betri ya volti 1.5, mtu ashike mkia, zungusha kwa kijiti cha mpira, si kidole. Ikiwaka, zunguka uje nyuma ya propela ndipo uguse sindano. Injini mpya iache inywe mafuta mengi, itoe moshi mzito, matenki matatu au manne, ukiipumzisha ipoe katikati.

Kisha funga sindano kidogo kidogo kwa moto wote mpaka sauti ipande, halafu irudishe nyuma kidogo. Kwa hewa yetu na mafuta yasiyo na nitro utajikuta umefunga kuliko karatasi inavyosema, usiogope. Bana mrija wa mafuta nukta moja: sauti ikipanda kidogo ndipo ishuke, uko sawa. Ikishuka papo hapo, umefunga mno. Mwisho inua pua ielekee mawinguni. Sauti ikilegea, fungua tena kidogo. Hiki kipimo cha pua usikiruke hata siku moja.

Kupaa, ongeza moto taratibu huku ukishikilia usukani wa kulia. Ikishapaa, pandisha polepole, na waangalie wale kaloli, korongo wakubwa, hawampishi mtu. Kutua ndiko kwenye shughuli: usizime moto ukategemea kuteleza. Nguzo na waya zote zile ni breki. Acha moto kama robo, iteremke ikiwa na mwendo kuliko unavyodhani inahitaji, na upunguze magurudumu yakishagusa.

Ukimaliza, chomoa mrija wa kabureta injini ikiwa inawaka, iache imalize yaliyomo. Toa mafuta yaliyobaki, yarudi kwenye jerikeni yenye kufuli. Tia matone machache ya oili kwenye kabureta, zungusha propela kwa mkono mara kumi. Nyonyo iliyomwagika mabawani ifute leo hii kwa kitambaa na sabuni ya vyombo, maana ikilala mpaka kesho inaganda kama vanishi.