Mzazi Anapohama na Mtoto Baada ya Kutengana: Sheria Inataka Nini

Mhadhara uliotolewa mjini Tanga mbele ya wazazi, walezi na wasaidizi wa kisheria

Waheshimiwa wazee wetu, mama zangu, ndugu zangu nyote, assalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo hapa Tanga halimpigi hodi mtu mmoja mmoja tu. Mji wetu una bandari, una barabara ya Horohoro inayoingia Kenya, una boti za kwenda Pemba, na una vijana wa kike na wa kiume wanaotafuta riziki Dar es Salaam, Mombasa na hata Omani. Mume na mke wanapotengana katika mji wa namna hii, swali la kwanza huwa ni mtoto akae na nani, nalo mara nyingi hupata jibu. Swali la pili ndilo linalotuumiza: yule aliyekabidhiwa mtoto akitaka kuhama, anaweza kuondoka naye bila kumuuliza mwenzake?

Neno langu kuu leo ni kwamba uamuzi wa kuhama na mtoto unapaswa kuzungumzwa na kuandikwa kabla ya mizigo kufungwa, na pasipo maelewano upelekwe mahakamani kabla ya safari. Karibu kila kesi chungu ya aina hii niliyowahi kuishika ilikuwa chungu kwa sababu mazungumzo yalianza baada ya basi kuondoka.

Tuanze na sheria yenyewe. Kwa Tanzania Bara tunaongozwa zaidi na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kumweka mtoto chini ya malezi ya baba au ya mama na, pale penye sababu za pekee, ya ndugu au mtu mwingine. Na kinaiamuru mahakama itangulize ustawi wa mtoto mbele ya jambo lolote lingine. Baada ya ustawi huo ndipo hutazamwa matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa amefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7, sheria inachukulia kwamba ni vyema akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na kifungu hicho hicho kinaionya mahakama isisahau madhara ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumbadilisha mikono.

Naomba tutulie kwenye onyo hilo, kwa sababu linakata pande zote mbili. Mama anayetaka kuhama huambiwa na baba kwamba anamvuruga mtoto kwa kumtoa katika shule na mtaa aliouzoea. Lakini baba huyo anapoomba apewe yeye mtoto ili abaki Tanga, naye anaomba mvurugo, pengine mkubwa zaidi, yaani kumtenga mtoto na mtu aliyemwamsha, aliyemlisha na aliyemuuguza tangu wazazi walipoachana. Hakimu makini huuliza ni upande upi utakaomgharimu mtoto kidogo, na jibu halipatikani kwa kuangalia jinsia ya mzazi.

Sasa, wengi hudhani ipo ibara inayosema mzazi aliyepewa mtoto haruhusiwi kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Siyo hivyo. Sheria ya Ndoa inafanya kazi kwa njia nyingine. Kifungu cha 126 kinairuhusu mahakama kuambatanisha masharti kwenye amri ya malezi: mahali atakapoishi mtoto, namna atakavyosomeshwa, haki ya mzazi mwingine kumwona na kukaa naye, na hata zuio la kumtoa nje ya Tanzania. Masharti hayo hayajiandiki yenyewe. Kwa kawaida hakimu huyaweka yale yaliyoombwa na yaliyozungumzwa mbele yake, na ukitoka mahakamani na amri ya mstari mmoja inayosema mtoto akae na mama, baba aruhusiwe kumwona mwisho wa wiki, basi una amri ambayo inamfaa mtu anayeishi Chumbageni na mwenzake anayeishi Makorora, lakini itakufa siku mmoja wao atakapohamia mbali.

Tuchukue mfano. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, amepata uhamisho wa kikazi kwenda Mpanda. Baba ni mvuvi wa Sahare, na mtoto ana miaka 9. Amri iliyopo ndiyo ile ya mwisho wa wiki. Kutoka Mpanda hadi Tanga ni safari ya kukatisha nchi, na hakuna mtoto atakayeifanya Ijumaa na kurudi Jumapili. Mama akiondoka kimya, ameivunja haki ya baba hata kama hakuna aliyemkataza kuhama. Baba akiizuia safari kwa ubishi tu, anamtaka mama achague kati ya mshahara na mwanawe, na mshahara huo ndio unaomlisha mtoto. Njia iliyo sahihi ni kurudi mahakamani kuomba amri ile ibadilishwe, maana sheria inaruhusu amri ya malezi au ya matunzo kurekebishwa pale hali inapobadilika kwa kiasi kikubwa, na uhamisho wa namna hii ni badiliko la kiwango hicho.

Amri mpya iseme nini? Hapa ndipo ninapowasihi muwe wachoyo wa maneno ya jumla. Iseme likizo za Juni na Desemba mtoto atakuwa kwa nani na kwa siku ngapi. Iseme nauli inalipwa na nani, na mtoto atasindikizwa na nani hadi stendi ipi. Iseme siku na saa za kupiga simu, na kwamba mzazi anayeishi na mtoto atahakikisha simu inapatikana. Iseme matokeo ya shule na habari za hospitali zitamfikiaje baba, na anwani mpya ni ipi. Nauli ninaitilia mkazo kwa sababu nimeona haki nzuri kabisa ya kumwona mtoto ikifia kwenye bei ya tiketi: baba anasema hana, mama anasema si juu yake, na mtoto anamaliza darasa la saba hajamwona baba yake.

Sheria ya Mtoto, kifungu cha 26, inaliangalia jambo hili kutoka upande wa mtoto, na mimi nafurahi kwamba imefanya hivyo. Wazazi wanapotengana, mtoto ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho awali, ana haki ya kuishi na mzazi ambaye mahakama inaona ataweza kumlea kwa maslahi yake, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine kila anapotaka, mradi isiharibu masomo yake. Haki hiyo ni ya mtoto. Baba asiyeleta matunzo hawezi kuzuiwa na mama kumwona mwanawe kama adhabu, kwa kuwa anayeadhibiwa ni mtoto; dawa ya matunzo yasiyolipwa ni kuomba amri itekelezwe. Vivyo hivyo baba hawezi kukata matunzo kwa hasira ya kwamba mama amehama.

Ndugu zangu Waislamu wataniuliza kuhusu hadhana, yaani ulezi wa mtoto katika sheria ya Kiislamu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, wanazuoni wametofautisha safari ya haja, yaani ya shughuli ya muda, ambayo mtoto hubaki na mzazi aliye mkaazi hadi msafiri arudi, na safari ya kuhamia mji mwingine, ambayo baba hupewa haki zaidi ya kuwa na mtoto, kwa sharti la usalama wa njia na wa mahali. Mafundisho haya yana uzito katika dhamiri zetu na katika suluhu za kifamilia. Mbele ya mahakama za Tanzania Bara, hata hivyo, mila na desturi husikilizwa chini ya ustawi wa mtoto, wala haziwezi kuushinda.

Hapo ndipo Pemba inapokuja. Mtu akipanda boti hapa hahisi kwamba ametoka katika nchi yake, naye hajatoka, lakini ameingia katika sheria nyingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Mtoto ya 2009 ni za Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Watoto ya mwaka 2011, na ina Mahakama za Kadhi zenye mamlaka ya kiserikali katika masuala ya Waislamu ya ndoa na talaka. Mzazi mwenye amri ya mahakama ya Tanga asidhani kwamba ataionyesha tu kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, kule Wete na mtoto akarudishwa siku hiyo. Amuone wakili kwanza.

Nje ya Jamhuri mambo ni magumu zaidi. Upo Mkataba wa The Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980, ambao nchi wanachama hurudishiana haraka watoto waliochukuliwa kinyume cha haki ya malezi. Tanzania haijajiunga nao. Kwa hiyo mtoto akivushwa Horohoro, mzazi aliyeachwa hana njia ya mkato ya mkataba huo. Itambidi aende katika mahakama ya Kenya, ambako Katiba ya mwaka 2010 nayo inayaweka mbele maslahi ya mtoto, na aanze kueleza habari yake upya akiwa mgeni. Akipelekwa Ghuba, gharama na muda huongezeka mara nyingi. Ndiyo maana mwenye wasiwasi wa kweli aombe zuio mapema, na sheria inaruhusu kuliomba hata kabla kesi haijaisha. Akilipata, nakala yake aifikishe Uhamiaji badala ya kuikunja na kuiweka kabatini.

Lipo kundi moja ambalo silitaki lidhurike kwa maneno yangu ya kuzungumza kwanza. Mama au baba anayepigwa, au ambaye mtoto wake anadhuriwa, hapaswi kukaa akisubiri maafikiano. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Aondoke na mtoto, aende palipo salama, kisha mara moja aripoti kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi na kwa afisa ustawi wa jamii, ili kumbukumbu ionyeshe kwamba alikimbia hatari na hakuwa anamficha mtoto. Na aliyeachwa naye asiende kumvizia mtoto kwenye geti la shule amchukue kwa nguvu. Sheria ya Mtoto inakataza kumtoa mtoto isivyo halali kwa mtu anayemlea kihalali, na hakimu atakayesikiliza shauri atataka kujua ni nani aliyemtia mtoto hofu.

Kuhusu sauti ya mtoto, sheria zote mbili zinataka asikilizwe kulingana na umri wake. Mtoto wa miaka 11 anajua nani anamsaidia hesabu na nani humpigia simu. Msimfundishe maneno ya kusema, kwa maana afisa ustawi aliyezoea kazi yake huyatambua, na mtoto aliyebebeshwa ushahidi dhidi ya mzazi wake hubaki nao muda mrefu baada ya faili kufungwa.

Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, asiye na uwezo anaweza kupata msaada bila malipo, na wasaidizi wa kisheria wako nasi ukumbini. Wenye amri za zamani zisizotaja likizo, nauli wala anwani, njooni nazo mezani tukimaliza maswali, tuanze kuandika maombi ya kuzibadilisha.